Mwanasaikolojia anayeandika dawa: tunaipima huduma ya majimbo 7 ya Marekani

Mmarekani mwenye sonona kwa kawaida huhudumiwa na watu wawili wasiojuana. Mwanasaikolojia humsikiliza dakika 50 kila wiki lakini hana ruhusa ya kumwandikia dawa. Dawa hutoka kwa daktari wa familia anayempa dakika 15, au kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, kama yupo: zaidi ya nusu ya kaunti za nchi hiyo hazina bingwa huyo hata mmoja. Huduma tunayoipima hapa inamweka mgonjwa mbele ya mtu mmoja. Ni mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu, aliyesomea dawa za akili juu yake, na sheria ya jimbo inamruhusu kuziandika, kuzibadilisha na kuzisimamisha.

Ipo New Mexico tangu sheria ya 2002, Louisiana 2004, Illinois 2014, Iowa 2016, Idaho 2017, Colorado 2023 na Utah 2024. Ipo pia Guam, kisiwa cha Marekani katika Pasifiki, jeshini, na katika zahanati za Indian Health Service, huduma ya afya ya serikali kwa Wamarekani wa asili. Kwingineko imekwama. Hawaii bunge lilipitisha muswada na gavana akaukataa mwaka 2007. Oregon ilitokea vivyo hivyo 2010, ikarudiwa 2017.

Maoni yetu tuyaseme mapema. Kwa mtu mzima ambaye mwili wake hauna maradhi mengi, ni huduma nzuri, na upande mmoja (tutaufikia) inawashinda madaktari wengi. Kwa mwenye figo dhaifu, mjamzito, au mzee anayekunywa vidonge vya aina saba, ubora wake hutegemea kama mwanasaikolojia na daktari wa familia wanapigiana simu kweli. Pande mbili za mjadala hubishania saa za darasani hadi povu linawatoka, na simu hiyo haizungumzwi.

Mafunzo

Anayeomba ruhusa hii tayari ana leseni ya saikolojia. Anaongeza shahada ya uzamili ya famakolojia (elimu ya dawa) ya tiba ya akili, kwa kawaida miaka 2, sehemu kubwa kwa njia ya mtandao huku akiendelea na kazi. New Mexico State University, Fairleigh Dickinson na Idaho State University ni kati ya vyuo vinavyoifundisha. Sheria ya New Mexico iliweka kiwango cha chini cha saa 450 za darasa, saa 80 za mazoezi ya kupima mwili, kisha saa 400 za kutibu wagonjwa wasiopungua 100 chini ya msimamizi. Halafu mtihani wa taifa uitwao PEP. Akifaulu hupewa cheti cha masharti, na kwa miaka 2 huandika dawa chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa peke yake.

Gawanya saa 400 kwa wagonjwa 100 uone: ni saa 4 kwa kila mmoja. Zinatosha kuanzisha dawa, kuona madhara ya wiki za mwanzo na kurekebisha dozi mara moja au mbili. Hazitoshi kumfuata mwaka mzima mtu wa lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi). Wala mwanafunzi hatayaona madhara adimu. Upele hatari wa lamotrijini (dawa ya kifafa na baipola), ule unaochubua ngozi, huwapata watu wazima kama 1 hadi 3 katika kila 1,000 wanaoinywa. Mwenye wagonjwa 100 wa dawa mbalimbali ataujua kwa kuusoma tu. Daktari bingwa wa akili naye huenda hajauona kwa macho, lakini amepita miaka 4 ya udaktari na 4 ya ubingwa, ikiwamo miezi ya wodi za magonjwa ya kawaida.

Illinois ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mazoezi ya miezi 14 yanayompitisha mwanafunzi katika wodi 9: dharura, tiba ya familia, wazee, magonjwa ya ndani, uzazi, watoto, akili, upasuaji, na moja ya kuchagua. Ndiyo mafunzo mazito kuliko yote saba. Ndiyo pia yanayowakimbiza watu. Mwanasaikolojia wa miaka 45 mwenye kliniki na mkopo wa nyumba haachi kazi kirahisi akazunguke wodini.

Ushahidi unaotajwa kila mara ni mradi wa Wizara ya Ulinzi wa 1991 hadi 1997 wa kuwafundisha wanasaikolojia wa jeshi kuandika dawa. Ulitoa wahitimu 10 kwa dola milioni 6.1, yaani kama dola 610,000 kwa kichwa. Wakaguzi wa serikali mwaka 1997 walihoji kama ulihitajika hata kidogo. Mwaka 1999 wakaandika kwamba wahitimu walikuwa wakitoa huduma nzuri. Yote mawili ni kweli. Lakini wahitimu wale, hasa wa kundi la kwanza, walisoma na wanafunzi wa udaktari, na wagonjwa wao walikuwa hasa wa umri wa miaka 18 hadi 65. Tena walifanya kazi ndani ya hospitali za jeshi, ambako faili ni moja, maabara ni moja, na daktari yuko mlango wa tatu kwenye korido hiyohiyo. Kliniki ya mwanasaikolojia wa mjini haina korido hiyo. Anayeutaja mradi ule kama uthibitisho wa huduma ya leo anaiuza korido pamoja na nyumba isiyokuwa nayo.

Upo pia utafiti wa 2023 uliolinganisha New Mexico na Louisiana na majimbo mengine, ukaona vifo vya kujiua vikipungua baada ya sheria hizi. Ni dalili njema. Lakini ni takwimu za majimbo mazima: hazisemi nani aliandikiwa nini na nani.

Sheria inavyojaribu kujenga korido

Kila jimbo linadai ushirikiano na daktari wa mgonjwa, kila moja kwa namna yake, na hapa ndipo mteja anapoonja tofauti.

Louisiana ni kali. Mwanasaikolojia tabibu, kama wanavyomwita kule, huandika dawa kwa kushauriana na daktari wa mgonjwa na kwa kukubaliwa naye, hadi atakapopata cheti cha juu baada ya miaka kadhaa ya uzoefu. Usiye na daktari wa familia huandikiwi. Kiusalama ni sawa kabisa, ila sheria ilitetewa kwa hoja ya watu wa vijijini wasiofikiwa na madaktari, na hao ndio inaowaacha mlangoni. Tangu 2010 wanasaikolojia hawa wako chini ya bodi ya madaktari ya jimbo, tofauti na kwingine ambako bodi ya saikolojia ndiyo yenye leseni. Tunaona hilo ni zuri: malalamiko kuhusu dozi husomwa na watu wanaozijua dozi.

New Mexico ni laini kidogo. Hudai uhusiano wa ushirikiano unaoendelea na daktari wa familia bila kumtaka aidhinishe kila dawa. Kazi huenda haraka zaidi, na nafasi ya kusahauliana ni kubwa zaidi.

Sheria ya Illinois ya 2014 ilichagua kupunguza wagonjwa. Iliwatoa walio chini ya miaka 17 na walio juu ya 65, wajawazito, wenye magonjwa mazito ya mwili na wenye ulemavu wa akili wa kuzaliwa. Wanaobaki ni watu wazima wenye afya ya mwili, ambao hata daktari wa familia angewamudu. Iowa ilipitisha sheria 2016 lakini kanuni zake zikasubiri hadi 2019. Colorado na Utah bado ni mapema kuzitolea hukumu.

Kikao cha kwanza kiwe na nini

Kikao kizuri huchukua saa nzima au zaidi, na kinaanza na mwili. Kabla ya kuitwa sonona, uchovu na huzuni vinapaswa kupimwa tezi ya thairoidi, wingi wa damu na, ikibidi, vitamini B12, kwa sababu tezi iliyolegea hutoa picha ileile. Shinikizo la damu na uzito viandikwe. Mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito na dawa za uzazi wa mpango kabla ya dawa yoyote kutajwa: valproeti, dawa nyingine ya kifafa na baipola, huharibu mtoto tumboni, na vidonge vyenye estrojeni hupunguza lamotrijini mwilini kiasi cha kuifanya isifanye kazi.

Halafu swali ambalo wenye haraka huliruka: je, umewahi kupita siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, ukitumia pesa ovyo, ukiongea bila kituo? Mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa kichaa. Hapa mwanasaikolojia aliyefundishwa kuhoji ana uwezo ambao dakika 15 haziwezi kuununua.

Dawa ya kwanza huwa ya kawaida, mfano sertralini, dawa ya sonona, miligramu 50 kwa siku, au 25 wiki ya kwanza kwa mwenye wasiwasi mwingi. Aliye chini ya miaka 25 aambiwe wazi kwamba mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni. Onyo hilo limo kwenye paketi kwa amri ya serikali. Afuatiliwe wiki ya kwanza na ya pili, si baada ya mwezi. Maendeleo yapimwe kwa dodoso la PHQ-9 lenye alama 0 hadi 27: alama zikishuka nusu dawa inafanya kazi, zikiwa chini ya 5 mgonjwa amepona kwa sasa. Wiki 4 hadi 6 za dozi kamili zikipita bila badiliko, dozi ipande au dawa ibadilishwe. Ukiona miezi minne imepita kwenye miligramu 50 na alama hazijashuka, huyo hakufuatilii, awe mwanasaikolojia au bingwa.

Ule upande tuliosema huduma hii inawashinda wengi ni wa kuacha dawa. Dawa za sonona kama paroksetini na venlafaksini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kama ya umeme kichwani, na mgonjwa hudhani ugonjwa umerudi. Kushusha dozi polepole, kwa wiki au miezi, kunahitaji mtu anayekuona mara kwa mara na anayeweza kutofautisha dalili za kuachishwa na ugonjwa wenyewe. Mwanasaikolojia anakuona kila wiki. Isitoshe, ana kitu cha kukupa badala ya kidonge, kwa hiyo hana sababu ya kuongeza cha pili kila unapolalamika. Kwa anayetaka kupunguza vidonge, hapa ndipo mahali.

Panapovuja

Chukua lithiamu. Kiwango chake kwenye damu hutakiwa kuwa kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita kwa matibabu ya muda mrefu; ikivuka 1.5 sumu huanza. Nafasi kati ya dawa na sumu ni ndogo. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, siku 5 hadi 7 baada ya kila badiliko la dozi. Kosa la kawaida ni mgonjwa kumeza kidonge cha asubuhi kisha kwenda maabara: namba hutoka juu, dozi inashushwa bila sababu, na kichaa kinarudi. Figo, thairoidi na kalsiamu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6 hivi.

Mwanasaikolojia aliyefunzwa anayajua haya yote. Shida huja kutoka nje ya chumba chake. Daktari wa familia anaona shinikizo limepanda, anaandika lisinopril pamoja na dawa ya kuongeza mkojo. Mgonjwa goti linamuuma, ananunua ibuprofeni bila cheti. Kila moja kati ya hizo tatu huzuia figo kutoa lithiamu. Hakuna aliyekosea kwenye dawa yake mwenyewe, lakini baada ya wiki mbili mgonjwa anatetemeka mikono, anatapika, anaharisha na kuyumba akitembea. Ingetosha ujumbe wa mistari miwili kati ya ofisi mbili. Mabingwa wa akili nao huangukia shimo hili. Tofauti ni kwamba wengi wao wako kwenye mfumo mmoja wa mafaili na hospitali, wakati wanasaikolojia wengi wana kliniki binafsi zenye mfumo wake na printa ya faksi. Ndiyo, faksi.

Mfano mdogo zaidi ni sitalopramu, dawa ya sonona. Mwisho wake ni miligramu 40 kwa siku, na 20 kwa aliyevuka miaka 60 au anayetumia omeprazoli, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Omeprazoli huuzwa bila cheti, kwa hiyo mgonjwa haitaji akiulizwa kuhusu dawa. Aulizwe kuhusu kiungulia ndipo ataitaja. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, haipewi mwenye kifafa wala mwenye historia ya kujitapisha au kujinyima chakula, na siri hiyo ya pili mara nyingi hutoka kwenye kikao cha tano cha mazungumzo, wakati dawa iliandikwa kwenye cha kwanza. Mtu anayefanya yote mawili huikamata. Wakiwa wawili, huikamata kwa bahati.

Lamotrijini huanzwa miligramu 25 kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2. Kwa anayetumia valproeti, 25 siku moja ndiyo moja hapana. Aliyeiruka kama siku 5 au zaidi asirudie dozi yake ya zamani. Aanze chini upya. Upele wowote katika wiki 8 za mwanzo, simu ipigwe siku hiyohiyo. Ofisi ambayo usiku na wikendi ina mashine ya kurekodi tu isikuandikie dawa hii.

Kabla ya kuweka miadi

Angalia leseni kwenye tovuti ya bodi ya jimbo. Mwanasaikolojia wa kawaida na mwenye ruhusa ya dawa wana vyeo vinavyofanana mno kwenye kibao cha mlangoni. Louisiana utafute kwenye bodi ya madaktari. Ukikuta cheti cha masharti, si vibaya, lakini uliza msimamizi ni nani na anapitia mafaili mara ngapi.

Kama unatumia dawa za kusisimua ubongo kwa tatizo la umakini, au benzodiazepini (dawa za kutuliza wasiwasi), uliza kwanza kama ana usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayodhibiti dawa za kulevya, na jimbo lake linamruhusu kuandika dawa za kundi hilo. Vizuizi hutofautiana, na ni usumbufu kugundua kwenye kikao cha tatu kwamba dawa yako hawezi kuiandika. Dawa kali za maumivu usimwombe kabisa. Skizofrenia inayohitaji klozapini, na sonona yenye mtoto tumboni, nenda moja kwa moja kwa bingwa.

Beba chupa zote, pamoja na virutubisho na mitishamba. St. John's wort, ule mmea wa sonona unaouzwa dukani, ukikutana na sertralini unaweza kuleta homa, jasho na kutetemeka. Saini fomu ya ridhaa ya kushirikishana taarifa na daktari wako siku ya kwanza. Bila saini hiyo, ule ushirikiano wa kisheria unabaki karatasi. Kisha wiki mbili baadaye piga simu kwa daktari wa familia, uliza swali moja: dawa yangu mpya imo kwenye orodha yenu? Kama haimo, umeshapata tathmini bora kuliko hii yetu.

Mpaka wa jimbo ni mpaka wa kweli. Mtu wa El Paso, Texas, anaweza kuendesha gari chini ya saa moja hadi Las Cruces, New Mexico, akaandikiwa dawa kihalali. Akirudi nyumbani na kutaka kikao cha video, huduma inahesabiwa imetolewa Texas, ambako mwanasaikolojia hana ruhusa hiyo. Chukua dawa kwenye famasia ya upande ulikoandikiwa. Hata ndani ya jimbo, kompyuta ya famasia huweza kumkataa mwandishi kwa sababu ya aina ya leseni yake. Mfamasia akiingiza namba ya NPI ya mwandishi (namba ya taifa ya mtoa huduma) na kupiga simu ofisini, kwa kawaida huisha.

Upande wa malipo ndio dhaifu kuliko tulivyotarajia kwa huduma yenye zaidi ya miaka 20. Msimbo (namba ya huduma inayotumwa kwa bima) wa kusimamia dawa ndani ya kikao cha mazungumzo, 90863, Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, haiulipi, wala haimlipi mwanasaikolojia kwa misimbo ya uchunguzi inayotumiwa na madaktari. Kwa mzee wa miaka 70, ofisi hulipwa mazungumzo tu, na kazi ya dawa inafanywa bure au haifanywi. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hutegemea jimbo, bima binafsi hutegemea mkataba. Unapopiga simu bima usiulize kama wanamlipia mwanasaikolojia, maana watajibu ndiyo. Taja msimbo, taja aina ya leseni, na uombe jibu kwa maandishi.